Kiko cha mrija mrefu: kwa nini mimi nachagua kile cha udongo

Leo tuache kidogo mambo ya mbegu na mbolea, tuongelee kitu ambacho wengi wetu tumekiona kwa wazee bila kukitazama vizuri: kiko cha mrija mrefu. Mtu akiniuliza napenda umbo gani, jibu langu ni fupi: kichwa cha udongo, mrija ulionyooka, na vyote viwili viweze kuachana. Ngoja nieleze sababu. Kisha nitasema jambo moja ambalo vijana wengi wanalikosea, na kosa hilo si dogo.

Kwanza tujue kwamba tumbako si mmea wa kwetu. Asili yake ni Amerika, na ilifika Afrika kwa biashara ya baharini baada ya mwaka 1492, halafu ikapanda mpaka milimani. Kule Uingereza, karne ya 17, vichwa vya viko vilikuwa vidogo sana kwa sababu tumbako ilikuwa ghali. Bei iliposhuka, vichwa vikakua. Maana yake umbo la kiko halitoki hewani. Linafuata mfuko wa mtu, kazi yake na vitu alivyonavyo karibu.

Sasa, mrija mrefu unafanya nini? Moshi unatoka kwenye kichwa ukiwa na joto na mvuke wa maji. Ukipita njia ndefu, joto linabaki kwenye kuta za mrija, mvuke unageuka matone, na ule utomvu mweusi unaganda ndani. Njo maana moshi wa mrija mrefu hauchomi ulimi sana. Lakini faida hiyo ina bei yake: mrija unaziba. Lazima usafishwe, na siku moja lazima ubadilishwe.

Hapo njo naanza kuchagua. Wazungu wana umbo wanaloita Canadian. Ile sehemu ndefu ni mti uleule wa kichwa, kipande kimoja, na mbele kuna kidomo kifupi tu. Ni kizuri, sikatai. Mara nyingi kinachongwa kwa uvimbe wa shina la Erica arborea, pale mti unapokutana na mizizi, kwa sababu ule uvimbe unavumilia moto. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, umejulikana kwa kazi hiyo tangu karne ya 19. Na mti wenyewe hauko Ulaya tu, unaota pia kwenye milima yetu ya juu, kama Ruwenzori. Lakini kiko cha namna hiyo sehemu yake ndefu ikipasuka, kiko chote kimekwisha.

Wakuba wa Kasai nao wanachonga viko vya mti vyenye nakshi za ajabu, na vingine viko kwenye makumbusho ya Ulaya. Kwa macho, hivyo vinashinda vyote. Ila mti wa kawaida usipokingwa ndani kwa udongo au chuma, moto unaula polepole.

Kiko cha kichwa cha udongo na mrija wa kuchomeka kinatatua mambo hayo mawili. Udongo uliochomwa vizuri hauungui, na unanyonya sehemu ya unyevu. Ni kweli kichwa kinapata moto sana, lakini mkono unashika mrija, haushiki kichwa. Mrija ukiziba, unauchomoa na kuupitisha waya. Ukioza, unakata mwingine: huku milimani kuna mianzi, kule bondeni kuna matete. Kichwa kikivunjika, mrija unabaki. Kwa watu ambao barabara yao inakatika kila mvua, kitu kinachotengenezwa nyumbani kina thamani kuliko kile kinachongoja duka.

Kwa nini napenda ulionyooka, si uliopinda? Kwa sababu kwenye kona njo maji machafu yanakusanyika, na waya haupiti vizuri. Urefu nao una mpaka. Mrija mrefu sana unalemea meno, njo maana mzee anashika kwa mkono na kichwa anakiegemeza kwenye goti. Ni kiko cha kukaa, si cha kutembea nacho. Mtu anayefuata ng'ombe kilimani kutwa nzima, kifupi kinamfaa zaidi.

Sasa lile jambo nililoahidi. Kuna vijana wanasema: «Kiko cha wazee hakina shida, mrija mrefu unachuja sumu.» Hapana. Mrija unapoza moshi, hauusafishi. Ule weusi unaobaki ndani ni sehemu ndogo tu. Nikotini na gesi ya kaboni monoksidi vinapita. Kiko kinaleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, hata kwa mtu asiyemeza moshi. Tena moshi usiochoma unadanganya: mtu anavuta zaidi kwa sababu hasikii ukali.

Na kwa sisi wa kilimo kuna la ziada. Tumbako ni jamii moja na nyanya na pilipili. Kirusi cha batobato ya tumbako kinaweza kubaki hai ndani ya jani lililokaushwa, kikapita kwenye vidole mpaka kwenye kitalu cha nyanya. Mzee akitoka kujaza kiko, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Tumwambie kwa heshima, atatusikia.

Kwa hiyo mimi sivuti, lakini kile kiko nakiheshimu. Ndani yake kuna elimu ya udongo, ya moto na ya mimea, na wenye elimu hiyo wanazeeka, wengine wamekimbia vita na kuacha vyombo vyao nyuma. Tuwaulize sasa: udongo ulitoka wapi, ulichomwa kwa kuni gani, mrija ulikatwa msimu gani. Tuandike majibu. Tumbako yenyewe tuiache.