Warithi wa Biashara ya Kukodisha Gemu

Miongoni mwa biashara zilizozaliwa na televisheni katika karne iliyopita, ni chache zilizokua kwa haraka, zikaenea katika mitaa ya Marekani mpaka vijiji vya mbali, kisha zikatoweka bila ya matanga, kama biashara ya kukodisha michezo ya video. Wasemao kwamba iliuawa na intaneti, kama ilivyouawa biashara ya kukodisha filamu, wanasema nusu ya kweli. Kwani filamu ilibadili njia ya kumfikia mtazamaji tu, ilhali gemu iligeuza milki yenyewe, hata mnunuzi asiwe tena na kitu mkononi ambacho angeweza kumpa mwenzake, kwa ujira au bure.

Msingi wa biashara hii ulikuwa kanuni ya sheria ya hakimiliki ya Marekani isemayo kwamba mtu aliyenunua nakala halali ana uhuru wa kuiuza au kuiazimisha nakala hiyo bila ya kumwomba idhini aliyeitunga. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mwenye duka aliweza kununua kaseti ya Nintendo kwa takriban dola 50, akaikodisha kwa dola chache kila mwisho wa wiki, na baada ya wateja kadhaa mtaji wake ukawa umerudi na yote yaliyofuata yakawa faida. Nintendo haikulipenda jambo hilo asilani, kwa kuwa kwao Ujapani sheria ilikuwa imekwisha kurekebishwa mwaka 1984 na kumpa mwenye kazi uwezo wa kuzuia isikodishwe. Marekani mambo yalikwenda njia nyingine: mwaka 1990 bunge lilipopiga marufuku kukodisha programu za kompyuta bila ya ruhusa, kwa kuchelea kwamba wakodishaji wangezinakili nyumbani, lilizitenga kando kaseti za mashine zilizotengenezwa mahususi kwa michezo, maadamu hizo hazikuwa rahisi kunakiliwa. Hata Nintendo ilipoishtaki Blockbuster mwaka 1989, haikuishtaki kwa kukodisha, ambako kulikuwa halali, bali kwa kutoa nakala za vijitabu vya maelekezo vilivyofungashwa pamoja na kaseti.

Walioshindwa mbele ya sheria walitafuta nafuu katika ufundi. Louis Castle, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Westwood iliyotengeneza gemu ya The Lion King ya mwaka 1994, amesimulia kwamba hatua za mwanzo za gemu hiyo zilitiwa ugumu kwa makusudi, kwa matakwa ya Disney, ili mtoto aliyeikodi kwa siku mbili asiweze kuimaliza na wazazi wake walazimike kuinunua. Basi watoto wengi waliotaabika na Simba na nyani wake katika hatua ya pili walikuwa wakilipia, pasipo kujua, ugomvi wa matajiri wawili.

Wakati wa neema, faida haikutoka kwenye ujira peke yake. Blockbuster, iliyofungua duka lake la kwanza mjini Dallas mwaka 1985 na kufikia maduka yapatayo 9,000 mwaka 2004, ilikusanya karibu dola milioni 800 mwaka 2000 kutokana na faini za waliochelewa kurudisha walichokodi. Kampuni iliyotegemea mno usahaulifu wa wateja wake ilikuwa imejiwekea nakisi ya siku za mbele, kwani alipotokea mshindani asiyetoza faini, wateja hawakuwa na sababu ya kuionea haya. Blockbuster iliomba kinga ya mufilisi mwezi wa Septemba 2010. Movie Gallery, mwenye maduka ya Hollywood Video, alikuwa amekwisha kufunga mwaka huohuo. Na Family Video, iliyovumilia kuliko wote kwa sababu aghalabu ilimiliki majengo yake yenyewe, ilisalimu amri mwaka 2021.

Lakini ushahidi ulio bora zaidi umo katika hesabu za Redbox, yenye yale masanduku mekundu yaliyowekwa milangoni mwa maduka ya vyakula. Redbox ilianza kukodisha gemu kote Marekani mwaka 2011, ikaacha mwishoni mwa mwaka 2019, nayo ikaendelea kukodisha filamu mpaka ilipoanguka mwaka 2024. Ikiwa sanduku lilelile, mahali palepale, kwa mteja yuleyule, liliweza kukodisha diski ya filamu kwa miaka mingine zaidi ya minne baada ya kushindwa kukodisha diski ya gemu, basi lazima iwepo illa iliyoisibu gemu peke yake.

Illa hiyo ilikuja kidogo kidogo. Mwaka 2010 kampuni ya Electronic Arts ilianza kutia ndani ya kasha msimbo wa kutumiwa mara moja tu, ambao mnunuzi wa kwanza aliutumia kufungulia mashindano ya mtandaoni, na kila aliyeipata diski ile baada yake, kwa kununua mtumba au kwa kukodi, akatakiwa atoe dola 10 zaidi; mpango huo ulifutwa mwaka 2013 kwa malalamiko ya wachezaji, lakini fikra yake haikufutwa. Fauka ya hayo, gemu kubwa zikawa na uzito wa gigabaiti 100 na kuzidi, diski ikawa haitoshi bila ya masahihisho ya kupakuliwa, na mtu aliyekodi kwa siku moja akajikuta saa nyingi za siku hiyo zimekwisha akingojea mashine imalize kusakinisha. Hatimaye zikaja mashine zisizo na mlango wa diski kabisa, na mwenye duka akawa hana cha kuweka rafuni.

Katika waliobaki, wa kutajwa kwanza ni GameFly, iliyoanza mwaka 2002, ambayo mteja huilipa ada ya mwezi naye huletewa diski kwa posta na kuirudisha kwa posta. Kampuni hii ina stahili ya heshima kwa ukakamavu wake: ilipoona diski zake zikivunjwa na mashine za kuchambulia barua, na diski za filamu za Netflix zikitenganishwa kwa mkono bila ya malipo ya ziada, ilipeleka shauri mwaka 2009 dhidi ya Idara ya Posta ya Marekani, na mwaka 2013 mahakama ya rufani ikakubali kwamba ilikuwa ikibaguliwa. Ila ushindi huo haukuweza kuirefushia diski umri.

Warithi wenye nguvu ni wale wauzao ruhusa ya kucheza gemu zilizomo ghalani mwao. Microsoft ilianzisha Game Pass mwaka 2017 kwa dola 10 kwa mwezi, na Sony ikaipanga upya huduma yake ya PlayStation Plus mwaka 2022 kwa mtindo wa namna hiyo. Kwa familia yenye watoto wapendao kuonja kila kitu, mimi nakiri kwamba bei hiyo ya mwanzo ilikuwa rahisi kuliko duka lolote la kukodisha lililopata kuwako. Lakini mwenye ghala ndiye huyohuyo mwenye mizani: Oktoba 2025 daraja la juu la Game Pass lilipandishwa kutoka dola 20 hadi dola 30, na mteja hana duka la jirani la kukimbilia. Wala aliyenunua moja kwa moja hayumo katika amani, kwani Ubisoft ilipozima seva za The Crew mwezi wa Machi 2024, waliokuwa wameinunua gemu hiyo kwa pesa zao walibaki na kasha tupu.

Marekani, mrithi aliye mwadilifu kuliko wote, kwa rai yangu, ni maktaba ya umma, kwani nyingi huazimisha diski za gemu bila ya malipo kama ziazimishavyo vitabu. Wakfu wa Video Game History ulionyesha mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo hazipatikani tena madukani kwa njia halali. Hata hivyo, Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu hizo kutoka mbali. Naliona hilo kuwa kosa kubwa, maana hakuna mfanyabiashara aliyeahidi kuzihifadhi badala ya maktaba.

Huku kwetu kukodi hakukuwa sana kwa diski bali kwa muda. Katika mabanda ya gemu ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, mwenye banda hununua televisheni na PlayStation, mara nyingi ya mtumba, na vijana hulipa kwa mechi au kwa saa, tena ghalibu ni mechi za mpira wa miguu. Kijana anunuaye intaneti kwa bando hawezi kupakua gigabaiti 100 kwa ajili ya kuonja gemu moja, na ndiyo sababu banda limedumu ijapokuwa simu imefika katika kila mfuko. Adui zake ni bei ya umeme, pedi zilizochakaa kwa vidole vya wengi, na wazazi wenye hoja za haki kuhusu saa za shule.

Sasa anakuja adui wa nne, naye ndiye mzito. PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 700, huuzwa bila ya kisomeo cha diski, na gemu inunuliwayo mtandaoni hufungwa kwa akaunti ya mtu mmoja, kwa masharti ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Mabanda yanayotumia mashine za zamani yana miaka kadhaa ya nafasi. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya zingefanya hisani kwa wenye mabanda lau zingewaita mapema, zikawawekea leseni ya bei wanayoiweza, kabla masharti ya leseni hiyo hayajaandikwa na kampuni ambayo haijapata kuliona banda hata moja.