Wasomaji warejesha nyumbani kijitabu cha Charlotte Brontë

KIJITABU chenye urefu wa milimita 61 na upana wa milimita 35 si kikubwa kuliko kiberiti. Hata hivyo, wapenzi wa mwandishi Charlotte Brontë walikihangaikia kwa miaka minane kabla ya kukirejesha kijijini Haworth, kaskazini mwa Uingereza.

Charlotte alikiandika mwaka 1830 akiwa na umri wa miaka 14. Baba yake, kasisi wa Kanisa la Anglikana, alikuwa amemletea mwanawe Branwell askari wa mbao wa kuchezea. Watoto wanne wa nyumba hiyo waliwapa askari hao majina, wakawabunia mji katika pwani ya Afrika Magharibi, kisha wakawaandikia magazeti yanayolingana na vimo vyao. Ndiyo sababu maneno zaidi ya 4,000 yalibanwa katika kurasa 20 kwa herufi ndogo mno.

Ukoo huo haukuacha mrithi. Charlotte, aliyepata sifa kwa riwaya ya Jane Eyre ya mwaka 1847, alifariki mwaka 1855 akiwa na miaka 38. Wadogo zake walikwishatangulia, na hakuna aliyeacha mtoto. Baba yao alipofariki mwaka 1861, vyombo vya nyumbani vilipigwa mnada, vikatawanyika.

Pengo hilo limezibwa na wasomaji. Mwaka 1893 walianzisha Chama cha Brontë, na miaka miwili baadaye wakafungua makumbusho katika ghorofa ya juu ya benki kijijini hapo. Mwaka 1928, tajiri mzaliwa wa Haworth, Sir James Roberts, aliinunua nyumba ya kasisi kwa pauni 3,000, akawakabidhi. Tangu hapo wamekuwa wakikusanya kilichotawanyika, kimoja baada ya kingine.

Katika mfululizo wa kijitabu hiki Charlotte aliandika matoleo sita. Matano ndiyo yanayojulikana kuwepo leo, na manne kati yake yalikuwa tayari Haworth. La tano lilipopigwa mnada London mwaka 2011, Chama kilishindwa bei. Makumbusho moja ya Paris yalilichukua kwa pauni 690,850.

Makumbusho hayo baadaye yalifungwa na mali zake zikaanza kuuzwa. Safari hii Chama kiliwageukia wasomaji. Mwigizaji Judi Dench, rais wake wa heshima, aliunga mkono mchango huo. Watu zaidi ya 1,000 walitoa zaidi ya pauni 85,000, na mifuko ya urithi ikajazia. Haba na haba hujaza kibaba: Novemba 2019, kijitabu kilinunuliwa mjini Paris kwa euro 600,000.

Je, kulikuwa na haja ya kutumia fedha zote hizo? Ndani yake mna tukio la mapazia ya kitanda kushika moto, ambalo wataalamu hulilinganisha na tukio maarufu katika Jane Eyre. Kama kingeishia katika kabati la tajiri mmoja, huenda wasomaji wasingepata tena nafasi ya kuona mbegu ya riwaya hiyo ikichipua mkononi mwa binti wa miaka 14.

Leo matoleo yote matano yamo chini ya paa moja, katika nyumba alimokulia aliyeyaandika.