Pindo la Picha na Hesabu Yake

Picha inapochapishwa katika jarida la shule, aghalabu huzungushiwa ukingo wa mapambo. Pambo hilo si geni kwa wakazi wa Arusha, kwani kila kanga ina pindo linaloizunguka sehemu ya kati iitwayo mji. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, kwa kutumia programu za kupanga kurasa kama vile Scribus, ambayo hutolewa bila malipo. Makala haya yanaeleza hesabu iliyomo katika pindo hilo, na jinsi pindo lililowekwa ovyo linavyoweza kuharibu elimu iliyomo katika picha.

Mstari uliopinda

Kompyuta huweza kuhifadhi umbo la petali kwa nukta chache tu. Njia hiyo ilibuniwa nchini Ufaransa na wataalamu wawili wa viwanda vya magari, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, waliotaka kueleza kwa hesabu mabati yaliyopinda.

Chukua nukta tatu, zilizopimwa kwa milimita: A (0, 0), B (10, 20) na C (20, 0). Katikati ya A na B ni D (5, 10). Katikati ya B na C ni E (15, 10). Katikati ya D na E ni F (10, 10), nayo F imo juu ya mstari uliopinda. Kazi hii ikirudiwa kwa kila nusu, hupatikana nukta nyingi zaidi, hata petali ikakamilika: upana wake milimita 20, kimo chake milimita 10. Nukta B huuvuta mstari, lakini mstari hauifikii.

Kwa kuwa kinachohifadhiwa ni nukta tatu, petali ikikuzwa mara mbili hukokotolewa upya na kubaki laini. Pindo lililohifadhiwa kama picha ya nukta 300 kwa kila inchi, likikuzwa mara mbili, hubaki na nukta 150 tu kwa inchi, na kingo zake huanza kuonyesha meno kama ya msumeno.

Kurudia petali

Picha yenye urefu wa milimita 120 na kimo cha milimita 80 huchukua petali 6 kwa urefu na 4 kwa kimo, jumla 20 kwa pande zote nne. Urefu ukiwa milimita 130, petali ni 6 na nusu, na pembeni hutokea petali iliyokatika. Dawa yake ni kutumia petali 7, kila moja ikipunguzwa upana hadi milimita 18.6 hivi.

Pindo liwekwe wapi?

Picha ya Mlima Meru iliyopigwa kutoka mjini Arusha, kusini mwa mlima, haionyeshi vizuri kwamba kasoko yake imefunguka upande wa mashariki. Picha ya kutoka Momella huonyesha ukuta wa kasoko, uwazi huo, na kilima cha majivu kilichomo ndani. Huo ndio ushahidi ambao mwanafunzi wa jiografia anauhitaji, na sehemu yake muhimu yaweza kuwa karibu na ukingo wa picha.

Pindo la milimita 10 likiwekwa kwa ndani, eneo la picha hupungua kutoka milimita za mraba 9,600 (120 × 80) hadi 6,000 (100 × 60). Asilimia 37.5 ya picha imefunikwa! Yamkini ukuta wa mlima umekatwa, na msomaji akadhani Meru ni pia kamili. Likiwekwa kwa nje, ukurasa huhitaji nafasi ya milimita 140 kwa 100, lakini ushahidi wote hubaki.

Zoezi: Wanafunzi wakokotoe asilimia ya picha inayopotea pindo la ndani likiwa na upana wa milimita 5, kisha waamue kama pambo hilo linastahili gharama yake.