Kizigeu, Kuumbiza na Kusakinisha: Istilahi za Ugawaji wa Diski ya Kompyuta

Katika makala hii tunakusudia kueleza istilahi chache zinazohusu kazi ambayo siku hizi inawakabili watu wengi wasio mafundi, nayo ni kubadili ukubwa wa vizigeu vya diski kuu na kusakinisha upya mfumo wa uendeshaji katika kompyuta ya mpakato. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, ijapokuwa bado ni nzima. Kwa hiyo wenye kompyuta hizo wamekuwa wakitafuta njia ya kuweka mfumo mwingine, kama vile Linux, na aghalabu huanza kazi hiyo wakiwa na karatasi ya maelekezo mkononi.

Karatasi ya namna hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Mwenzetu mmoja alikuwa na kompyuta ambayo diski yake imegawanywa mara mbili: upande mmoja mfumo, upande wa pili kazi zake. Maelekezo aliyopewa, yaliyofasiriwa kwa Kiswahili, yalimwambia achague "sehemu" kisha "aisafishe". Yeye, kama Mswahili yeyote, alielewa kwamba kusafisha ni kuondoa taka. Anayesafisha nyumba hatupi vyombo. Akazisafisha sehemu zote mbili. Maneno ya mafundi wa majahazi aliyoyakusanya kwa muda wa miaka miwili yakapotea, na daftari alimoyaandika mwanzoni zilikuwa zimekwisha kutupwa. Mfasiri hakukosea sarufi hata mara moja. Kosa lake lilikuwa kuchagua neno la upole kwa jambo lisilo na upole.

Tuanze na hiyo "sehemu". Neno hili ni zuri katika mazungumzo, lakini halifai kuwa istilahi, kwa sababu kila kitu kina sehemu: sehemu ya faili, sehemu ya skrini, sehemu ya programu. Istilahi hupaswa kutaja kitu kimoja tu katika uwanja wake. Tulipotafuta badala yake tulipata maneno mawili. La kwanza ni jaruba, ambalo wakulima wa mpunga wa Shinyanga na kwingineko hulitumia kwa kipande cha shamba kilichozungushiwa matuta ili maji yasitoke. La pili ni kizigeu, yaani kiambaza chembamba kinachokata chumba kimoja kuwa viwili.

Jaruba linaeleza vizuri sana jinsi diski inavyofanya kazi, na tutalirudia hapa chini. Hata hivyo tunapendekeza kizigeu, kwa kuwa kimekwisha kuanza kutumika katika programu zilizofasiriwa kwa Kiswahili, na si busara kuvunja kilichoanza kusimama. Wapo wanaopinga wakisema kwamba kizigeu ni ukuta wenyewe, si nafasi inayozungukwa na ukuta. Hoja hiyo tumeipima, tukaona kwamba Kiswahili chenyewe kimekwisha kuijibu. Neno ua ni uzio, na papo hapo ni uwanja ulio ndani ya uzio. Neno boma nalo lina maana zote mbili. Basi kizigeu hakitakuwa cha kwanza kutoka kwenye ukuta na kuingia ndani.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Mwanzoni mwa diski huwapo jedwali la vizigeu, ambalo ni orodha inayoonyesha kila kizigeu kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Katika mpango wa zamani, ulioanza na kompyuta za IBM mwaka 1983, jedwali lilikuwa na nafasi nne tu. Katika mpango unaotumika sasa, Windows hutenga nafasi 128. Kubomoa kizigeu ni kufuta mstari wake katika jedwali hilo. Yaliyokuwamo ndani huenda bado yapo, lakini mlango wake haujulikani tena, na chochote kitakachoandikwa baadaye huweza kuyafunika.

Kuumbiza ni jambo jingine. Ni kukipa kizigeu umbo jipya la kupokea faili, pamoja na faharasa mpya isiyo na jina hata moja. Kitenzi hiki kinatokana na umbo, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Mfinyanzi hawezi kuupa udongo umbo jipya na mtungi wa zamani ukabaki. Msomaji akiambiwa "umbiza" atasita na kuuliza, na kusita huko ndiko tunakotaka. Katika diski za kielektroniki zisizo na sahani inayozunguka, kuumbiza huweza pia kuiarifu diski kwamba yaliyomo hayatakiwi tena, nayo ikayatupa kabisa hata fundi asiweze kuyarudisha.

Kupunguza na kupanua ni kubadili mpaka bila kuyaharibu yaliyomo. Hapa ndipo jaruba linapotusaidia. Mkulima hawezi kupanua jaruba lake kwa ardhi iliyo upande wa pili wa shamba la jirani. Sharti ardhi tupu iwe inapakana naye. Hali kadhalika, chombo cha kugawia diski kilichomo ndani ya Windows hupanua kizigeu ikiwa tu nafasi tupu inakifuata moja kwa moja. Kikiwapo kizigeu kingine katikati, hapana budi kukisogeza, na kusogeza ni kuhamisha kila kilichomo, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, hasara ni kubwa. Kwa hiyo kompyuta iwe imejaa chaji na imechomekwa. Mara nyingine kizigeu hukataa kupungua ijapokuwa kina nafasi, kwa sababu faili zisizohamishika za mfumo zimekaa karibu na mwisho wake.

Mwisho ni kusakinisha. Sakini ni kukaa mahali, na kusakinisha ni kumfanya mtu au kitu kikae. Kusakinisha upya, basi, ni kuukalisha mfumo tena mahali pake. Neno hili halisemi lolote juu ya kuumbiza, na ni vema lisiseme, kwani vitendo hivi viwili ni mbali mbali. Windows ikisakinishwa juu ya kizigeu chake bila ya kukiumbiza, faili za zamani huwekwa katika folda ya pembeni. Aliyehifadhi kazi zake katika kizigeu tofauti anaweza kuumbiza cha mfumo peke yake, na kingine kisiguswe. Kizigeu kidogo cha kuwashia, ambacho huonekana hakina kazi, kisibomolewe, kwani bila hicho mfumo uliopo hautawaka.

Kwa ufupi, istilahi tunazopendekeza ni hizi:

Kizigeu: eneo la diski lenye mwanzo na mwisho ulioandikwa katika jedwali.
Nafasi tupu: eneo la diski lisilo ndani ya kizigeu chochote.
Kupunguza, kupanua: kubadili mpaka wa kizigeu, yaliyomo yakibaki.
Kusogeza: kuhamisha kizigeu pamoja na yaliyomo.
Kubomoa: kukiondoa kizigeu katika jedwali.
Kuumbiza: kukipa kizigeu umbo jipya, yaliyomo yakipotea.
Kusakinisha: kuweka mfumo au programu ikae tayari kutumika.
Nakala ya akiba: nakala ya faili iliyowekwa nje ya diski inayoshughulikiwa.

Hiyo ya mwisho iwe ya kwanza katika kila karatasi ya maelekezo. Na ikiwa diski imefungwa kwa ufunguo wa siri wa Windows, zile tarakimu 48 za ufunguo wa kuokolea ziandikwe pembeni kabla ya kugusa chochote.

Wafasiri wenzetu tunawasihi jambo moja. Kabla ya kuchagua kitenzi, jiulizeni msomaji atapoteza nini akikielewa kama anavyokielewa nyumbani kwake. Mwenye maoni juu ya maneno haya, hasa fundi anayeyatumia kila siku, atuandikie. Mwenzetu naye amerudi kwa mafundi wa majahazi na daftari jipya. Mmoja wa wazee aliompa maneno hayo amekwisha fariki.