Mbio za Vumbi: Jifunze Kwanza Kufika

Mwaka 1993 Subaru iliingiza katika mashindano ya magari ya Safari Rally vigari vidogo aina ya Vivio, vyenye injini isiyofikia cc 700. Kimoja aliendesha Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia, kikamharibikia njiani. Kingine aliendesha Patrick Njiru wa Kenya, akamaliza wa 12 na kushinda katika daraja lake. Anayetaka kuingia katika mchezo huu na alizingatie hilo: kwenye mawe na vumbi, kasi haina faida kwa asiyefika. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyomaliza Safari yalikuwa saba tu.

Mahali pazuri pa kuanzia ni autokrosi, mbio za mzunguko mfupi wa udongo ambapo dereva hushindana na saa. Hapo ndipo mguu unapofundishwa breki. Funga breki mapema, gari likiwa bado limenyooka: uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinauma udongo, usukani unatii. Ukikata kona, achia breki, kisha rudisha mafuta polepole. Anayengoja kufunga breki katikati ya kona huzidai tairi kazi mbili kwa wakati mmoja, na kwenye changarawe haziwezi. Gari litateleza moja kwa moja hadi mtaroni.

Pesa za kwanza zisiende kwenye injini. Zianze na uhai wako: kizimba cha chuma ndani ya gari, kiti cha mashindano na mikanda yake, kofia ngumu pamoja na kifaa kinachozuia kichwa kisirushwe mbele gari linapogonga, nguo zinazokinza moto na mtungi wa kuzimia moto. Wakaguzi hawatakuruhusu kuanza bila vitu vinavyotakiwa na kanuni za daraja lako. Baada ya hapo nunua shokapu imara, tairi nzuri na bamba la kukinga injini kwa chini. Nguvu za ziada hazimsaidii mtu ambaye jiwe limemtobolea sampu ya oili.

Kama huna gari, kiti cha mwelekezi, anayekaa kando ya dereva na kumsomea njia, ni shule kamili. Wakati wa kukagua njia, dereva hutaja anachokiona, mwelekezi anaandika. Katika mfumo unaotumiwa na wengi, kona hupewa namba: 1 ni kali kabisa, 6 ni ya kupita kwa kasi. Siku ya mashindano mwelekezi humsomea dereva: “Mia moja, kulia tatu, inabana, usikate.” Yaani mita 100, kisha kona ya kulia ya wastani inayozidi kubana, na ukingo wa ndani una jiwe au shimo. Dereva akiwa bado ndani ya kona hii, sikio lake lazima liwe limeshapokea inayofuata. Mwelekezi akichelewa sekunde moja, wote wawili wako kichakani.

Kwa hiyo jiunge na klabu, omba leseni, kisha jiwekee lengo moja la msimu wa kwanza: kumaliza kila shindano unaloanza. Ukirudi nyumbani osha gari, lala chini yake na tochi, kagua nati moja moja. Nati iliyolegea leo ndiyo gurudumu litakalochomoka katika shindano lijalo.