Mtoto Anayechelewa Kusema

Leo hatutahubiri. Tunataka kuwaeleza habari za mtoto wetu wa tatu, kwa maana tunajua ya kuwa katika kila ushirika yuko mama mmoja, au nyanya mmoja, anayeketi nyuma kabisa karibu na mlango, amempakata mtoto ambaye watu humtupia jicho kisha hunong'ona. Huyo ndiye tunayesema naye.

Mwana wetu alizaliwa salama, akakaa, akatambaa, akatembea kwa wakati wake. Lakini alipotimiza mwaka mmoja na nusu hakuwa na neno hata moja. Tulipomwita jina hakugeuka; bali karatasi ya biskuti ikichakarika katika chumba cha pili, alikuja mbio. Alipotaka maji hakuonyesha kwa kidole, alimshika mama mkono akauvuta mpaka kwenye mtungi, kana kwamba mkono ule ni chombo tu. Vifuniko vya soda alivipanga mstari mrefu kando ya ukuta, na mtu akisogeza kimoja alilia mpaka akaishiwa pumzi.

Mmoja wetu alisema tumpeleke hospitali. Mwingine akasema hapana, wavulana huchelewa. Nyanya yake akatukumbusha kwamba baba mtu mwenyewe alisema akiwa na miaka mitatu. Basi tukangoja. Tulingoja mwaka mzima, na mwaka huo ndio tunaoujutia.

Ni kweli, wako watoto wanaochelewa halafu wakasema vizuri. Ila hakuna mzazi awezaye kujua, akiwa nyumbani kwake, kama wake ni wa namna hiyo. Kabla ya neno la kwanza mtoto huwa ameanza kuzungumza kwa njia nyingine: hutazama uso wa mama, hugeuka akiitwa, hunyosha kidole kuonyesha ndege juu ya mti, kisha humwangalia mama aone kama naye amemwona. Kidole hicho ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeitika jina lake, au wa mwaka mmoja na nusu asiyeonyesha kitu kwa kidole, au wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kama "mama njoo", apelekwe kupimwa. Na yule aliyekuwa na maneno akayapoteza, apelekwe mara moja, awe na umri wowote.

Cha kwanza kupimwa ni masikio. Usaha wa sikio unaorudi-rudi huweza kupunguza kusikia pasipo mtu kutambua, na mtoto anayeshtuka mlango ukibamizwa huenda bado hasikii maneno vizuri. Tena daktari atauliza habari za kuzaliwa kwake: je, alilia mara moja? Alipata manjano kali? Aliwahi kuugua malaria ya kupanda kichwani, au degedege? Mambo hayo huweza kuuchelewesha ubongo wa mtoto, hata kama hana usonji.

Masikio ya mwana wetu yalikuwa mazima. Daktari akatuambia, "Huenda ni usonji, lakini tutamwangalia tena." Ndugu zetu, neno hilo "huenda" ni zito kubeba. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto kwa makini na kuwauliza wazazi maswali mengi, na kwa mtoto mdogo kazi hiyo huweza kuchukua muda mrefu.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza. Ni ubongo kukua kwa namna yake, tangu mtoto hajazaliwa. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo. Baadaye, kwa miaka mingi, wataalamu waliwalaumu akina mama, wakidai kwamba hawakuwapa watoto upendo wa kutosha. Walikosea, na kosa lao liliwaliza wanawake wasio na hatia. Leo yajulikana kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa. Chanjo ya surua nayo ilisingiziwa, katika makala iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998. Gazeti lile lile la madaktari liliifuta mwaka 2010. Msiache kuwachanja watoto.

Wala si laana. Hapo ndipo tulipoumizwa zaidi, maana tuliulizwa na watu tunaoomba nao tulikosea wapi. Wanafunzi waliuliza swali hilo hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana sura ya 9, na Bwana hakulikubali, si kwa yule mtu wala kwa wazazi wake. Sisi twaomba na mwana wetu kila jioni. Lakini mtu akikuambia uache dawa ya kifafa ya mtoto kwa kuwa ameombewa, usimsikilize, hata awe na cheo gani kanisani. Na anayekuuzia dawa ya kuponya usonji anakula fedha yako bure; dawa hiyo haipo.

Basi, na lile "huenda" tulifanyie nini? Mama mmoja anayefundisha watoto kusema, katika hospitali tuliyokwenda, alitwambia tusingoje jina. Akatuonyesha kazi ya nyumbani, na kazi yenyewe haina gharama. Shuka chini mpaka uso wako ulingane na wake. Ukimkuta anapanga vifuniko, usivifagie. Keti naye, mpe kimoja, useme "kifuniko", basi. Halafu nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi 10, kwa maana neno humfikia polepole. Akitaka ndizi, ishike mbele yake usubiri anyooshe mkono au atoe sauti yoyote, nawe umpe hapo hapo. Kabla ya kutoka mwonyeshe viatu. Kabla ya kuoga, karai. Mabadiliko ya ghafula humtisha.

Tulifanya mambo ya ndizi kwa miezi minne, tukicheka wakati mwingine na kulia wakati mwingine. Asubuhi moja akasema "di". Sasa ana miaka sita, na maneno yake ni kama 40. Katika faili yake "huenda" haijafutwa hata leo.

Liko jambo tunaloona haya kulisema. Jumapili moja, kwaya ilipowasha vipaza sauti, mwana wetu aliziba masikio akajitupa chini akipiga mayowe. Mzee mmoja akatuashiria tutoke. Tulipofika nje chini ya mwembe, tulimchapa. Tulidhani ni utundu. Hatukujua kwamba sauti ile ilikuwa inamwumiza kweli, na kwamba mtoto katika hali hiyo hasikii fimbo wala maonyo. Ahitaji mahali pa kimya na mtu mmoja aliyetulia. Siku hizi twaketi karibu na dirisha, na mmoja wetu hutoka naye kabla kwaya haijaanza. Mwalimu wa shule ya Jumapili humpa kazi ya kugawa kalamu za rangi, naye aipenda, maana ni lazima zipangwe kwanza.

Nanyi mnaoketi mbele, mkimwona mama amesimama nje na mtoto anayelia, msimwulize mtoto ana nini. Mpelekeeni kiti.

Kesho, mzazi, chukua kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto uende nacho. Mweleze muuguzi unayoyaona, si unayoyaogopa: haitiki jina, haonyeshi kwa kidole, amepoteza maneno. Uliza pia kilipo kituo cha Wizara ya Elimu cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, kile kinachoitwa EARC. Vilianza hapa Kenya mwaka 1984. Na ukiambiwa ungoje kwanza, uliza ungoje mpaka tarehe ngapi, kisha tarehe hiyo iandikwe kitabuni mwako kabla hujaondoka.