Nitrojeni na Safari ya Juu

Maharagwe huchelewa kuiva Nakuru. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na maji ya sufuriani huchemka yakifika nyuzi 94 tu, si 100 kama Mombasa. Kilichopungua ni shinikizo la hewa: pwani ni kilopaskali 101, Nakuru ni kama 81.

Mpishi hulipia upungufu huo kwa makaa. Mwili nao una hesabu yake, na hiyo ndiyo inayopimwa katika chemba za mwinuko, vyumba vya chuma ambavyo hewa yake hunyonywa kwa pampu mpaka waliomo wawe kama watu walio juu mlimani, ilhali hawajapanda hata kidato kimoja.

Zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta ni nitrojeni. Mwili hauitumii. Huyeyuka katika damu na mafuta, ikakaa humo kwa kadiri ya shinikizo la mahali. Shinikizo likishuka polepole, nitrojeni hutokea mapafuni bila kumsumbua mtu. Likishuka ghafla, hugeuka viputo palepale ilipo. Vya magotini na mabegani huleta maumivu makali. Vya uti wa mgongo vyaweza kumpoozesha mtu. Mfaransa Paul Bert alieleza chanzo hiki mwaka 1878.

Mwanaanga anayetoka nje ya chombo huvaa vazi lililojazwa oksijeni tupu kwa kilopaskali 30 hivi, chini hata ya shinikizo la kilele cha Everest. Likijazwa zaidi, vazi hukakamaa na vidole havikunjiki. Sasa chukua shinikizo la nitrojeni iliyomo mwilini, uligawe kwa shinikizo la vazi. Aliyezoea hewa ya Mombasa hupata karibu 2.7, wa Nakuru, kama 2.2. Nambari ikikua, hatari hukua nayo. Mkazi wa Nakuru ana nafuu, ila haitoshi kumwacha avae vazi na kutoka.

Kwa safari za mwezini NASA imependekeza hewa ya chomboni ya kilopaskali 56.5 yenye oksijeni asilimia 34. Shinikizo hilo ni la mita 4,700 hivi, chini kidogo ya Point Lenana kwenye Mlima Kenya, lakini oksijeni yake humfikia mtu kama aliye mita 1,200, chini kuliko Nakuru. Ile nambari ya nitrojeni hushuka hadi 1.3. Mbona basi wasiongeze oksijeni wakamalize kabisa nitrojeni? Kwa sababu ya moto. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu wa Apollo 1 waliteketea katika oksijeni tupu wakiwa bado ardhini. Siku nne baadaye moto wa namna hiyo uliwaua wanajeshi wawili wa anga ndani ya chemba ya mwinuko kambini Brooks, Texas. Naona asilimia 34 haieleweki vyema bila vifo hivyo vitano.

Mwaka 2022 na 2023, huko Houston, watu wa kujitolea waliishi ndani ya chemba wakivuta hewa hiyo, kisha shinikizo likateremshwa hadi lile la vazi huku wakifanya kazi za mikono na miguu. Vipimo vya mawimbi ya sauti vilisikiliza viputo vikipita moyoni mwao. Hapana njia ya mkato badala ya kuwapima watu wenyewe: watu wawili waliopitia shinikizo lilelile wanaweza kutofautiana sana, mmoja akajaa viputo na mwingine asitoe hata kimoja.

Kazi hii ya chemba inamgusa pia asiyewaza kwenda mwezini. Miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Duke kiliwapitisha watu katika mbizi za kuigiza, kisha kikawapandisha ndani ya chemba hadi mita 2,400, mwinuko wa juu kabisa unaoruhusiwa katika chumba cha abiria wa ndege. Hapo ndipo ulipotoka ushauri wa kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na 18 baada ya mbizi za kurudiarudia, kabla ya kuruka. Aliyepiga mbizi Diani, pwani, akapanda treni ya SGR kwenda Nairobi asidhani ameepuka hatari kwa kuwa hakuruka. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700, na barabara ya Nakuru inapita Kinale, juu ya mita 2,400, kabla ya kuteremka bondeni.